Mtihani Haumngoji Msafiri



Lililotusukuma kuandika haya ni jambo lililoingia majumbani mwetu siku hizi, na kila mwaka lazidi. Shule, khasa hizi za kulipia, hupanga safari za kuwapeleka wanafunzi nchi za nje: mara Nairobi, mara Dubai, mara Istanbul. Safari yenyewe si haramu wala si aibu. Ubaya ni pale inapoangukia mlangoni mwa mtihani mkubwa, kisha mtoto akaulizwa, "Wataka lipi?" Sisi twasema waziwazi: hapo hapana la kuuliza. Mtihani kwanza, safari baadaye. Na mzazi amwachiaye mtoto wa miaka kumi na sita achague peke yake amelikimbia jukumu lake.

Tupige mfano wa nyumba moja ya Kimandolu, mjini Arusha. Baba ni mtu wa Pangani aliyepanda bara kwa biashara. Mama ni wa Tanga. Binti yao yuko kidato cha nne, na mtihani wa taifa huwa Novemba. Yaja barua ya shule: safari ya siku kumi, Dubai, na kurudi ni siku tano tu kabla ya karatasi ya kwanza. Mtoto wa jirani anakwenda. Shangazi aliyeko Unguja amekwisha kusikia, naye ameagiza manukato. Baba aona haya kusema hana fedha. Mama aona haya mwanawe abaki. Basi hukumu ya nyumba hiyo imetolewa na haya, haikutolewa na akili.

Na tutazame kinachowekwa rehani. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huweka siku moja kwa nchi nzima. Mtoto wa Kimandolu, wa Kilwa Kivinje na wa Wete hufungua karatasi ile ile, siku ile ile. Ndege ikichelewa, au homa ya safari ikimshika, hapana wa kumngoja. Asiyekuwamo chumbani husubiri mwaka mwengine, na wenziwe wamekwisha kwenda kidato cha tano au vyuoni.

Ama kwa binti, mambo ni mazito zaidi, nasi tusifichane. Mvulana aliyekosa mwaka huonekana amekosa mwaka. Binti akikaa nyumbani miezi, posa huja, na wazee husema, "Si keshakosa shule, anangoja nini?" Mwaka mmoja wa kungoja huwa umri mzima. Haya yote kwa picha za majumba marefu na mkoba wa manukato!

Watu wa safari wana hoja zao, na haki ni kuzijibu.

Wasema: "Safari hufunza kuliko kitabu, na dini yetu imehimiza kusafiri kutafuta elimu." Kweli kabisa. Sahaba Jabir bin Abdillah alisafiri mwezi mzima hata Shamu kwa ajili ya Hadithi moja. Lakini alisafiri kuifuata elimu, hakusafiri kuipa mgongo. Mtazameni na Ibn Battuta, aliyetoka Tanja mwaka 1325, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Huko Delhi alipewa ukadhi, na visiwa vya Maldives vilevile. Kwa nini? Kwa kuwa alikuwa na fiqhi kichwani. Lau angalikwenda mikono mitupu, wangalimkirimu kama mgeni siku chache, kisha wakamwonesha njia.

Wasema tena: "Nafasi haiji mara mbili." Sisi twasema wameipindua. Dubai ipo mwakani, na mwaka wa baada yake. Isiyokuja mara mbili ni Novemba ya kidato cha nne.

Na wasema: "Mwanangu hodari, atapita tu." Nahodha hodari ndiye azidishaye macho anapokaribia bandari, kwani miamba iko huko. Siku za mwisho ndizo za kudurusu na za kumwuliza mwalimu lile lisiloeleweka tangu Machi. Uhodari wa mtoto si ruhusa ya wakubwa kuuchezea.

Hata madrasa zetu zimetufunza mpango huu. Sala ya faradhi ikikimiwa, sunna huachwa. Mwenye deni lililofika wakati wake hulipa kwanza, ndipo afikiri habari ya Hija. Ikiwa Hija, nayo ni nguzo, yangoja deni lilipwe, Dubai ni nani isingoje mtihani?

Wala tusiwalaumu walimu peke yao. Wako kwetu wamtoao mtoto darasani wiki za mtihani kwa harusi ya Muscat, au kwa umra ya familia, na hali umra ina mwaka mzima wa kufanywa. Kisha twakaa barazani, kahawa mkononi, tukilalamika kuwa watoto wetu ni wachache katika vyuo vikuu! Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tusome tangu wakati huo. Ni karibu miaka mia sasa, na bado wengine tunatafuta wa kumlaumu.

Kenya mwaka 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za wazazi, mikutano ya maombi na shughuli za namna hiyo mashuleni katika muhula wa tatu. Sababu kubwa ilikuwa wizi wa mitihani, na wengi walinung'unika. Lakini faida ya pili ilionekana: mtoto wa mtihani aliachwa akasoma.

Wala mtu asidhani twauabudu mtihani. Arusha haijasahau tarehe 6 Mei 2017, pale wanafunzi 32 wa shule ya Lucky Vincent, walimu wawili na dereva walipofariki Rhotia, Karatu, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Majeruhi watatu walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarejea Agosti. Safari ile ya nje ilikuwa dharura, na dharura ina hukumu yake. Hapana mwenye akili angewaambia wabaki wasome. Mafunzo ni mawili: uhai na afya viko mbele ya kila karatasi, na kila safari ya watoto, iwe ya starehe au ya masomo, yataka kupimwa kwanza.

Basi twasema nini? Tarehe za mitihani hutangazwa mapema. Wazazi wakutane na shule Januari, waandike kuwa darasa la mtihani halisafiri mpaka karatasi ya mwisho. Baada ya hapo kuna Desemba nzima. Na apendaye kumwonesha mtoto dunia aanze na ya karibu: mtoto wa Kimandolu ana Mlima Meru juu ya kichwa chake na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini mwake, na huenda hajapelekwa popote. Magofu ya Kilwa na msikiti wake mkuu, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, hayataki pasi ya kusafiria.

Na wewe mzazi, barua ya safari ikija, usimwulize mtoto. Mwambie, "Mwanangu, utakwenda, in shaa Allah, ukimaliza." Atalia siku mbili. Afadhali machozi ya siku mbili kuliko majuto ya miaka.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu. Amin.