Anayetoza kiingilio cha maporomoko abebe na dhamana ya njia



Naomba nafasi kwenye ukurasa huu wa barua niseme jambo ambalo wengi waliotembelea maporomoko ya maji ya upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro wanalijua, ila tukisharudi mjini salama tunaangalia picha na kunyamaza. Dai langu ni moja. Yeyote anayekaa kizuizini na kututoza kiingilio, awe ni kijiji, kikundi cha vijana, mzabuni au mwenye shamba, abebe na dhamana ya njia anayotupitisha. Kwa sasa wa kupokea hela ni wengi, lakini mtu akiumia hapatikani hata mmoja wa kusema "hili ni letu".

Mimi na mume wangu tunaishi Moshi mjini. Jumamosi moja ya Novemba iliyopita tulipanda Haisi asubuhi, tukachukua bodaboda hadi mwisho wa barabara, kisha tukaanza kutembea. Kijiji sitakitaja. Nimefika na kwingine nikakuta hali ni hiyo hiyo, na sipendi vijana wa sehemu moja wabebeshwe lawama ya wote.

Njia yenyewe ni nzuri mno, na ndiyo maana nimeona uchungu kuandika. Unapita katikati ya vihamba, migomba imeikinga kahawa na jua, magimbi yameota pembeni, na muda wote unasikia maji ya mfongo yakishuka kwenda mashambani. Mume wangu ni mtu wa Shinyanga. Alisimama pale kwenye mfongo akauliza maji yamepandaje ubavu wa korongo bila pampu. Nikamweleza kwamba hayakupanda: wazee wa Kichagga waliyakinga mtoni huko juu kabisa, wakayashusha polepole kwa mifongo, yaani mifereji waliyochimba kwa mikono, kabla Wajerumani hawajakanyaga huku. Watu waliojua maji kiasi hicho hawastahili kuachiwa njia ya hovyo namna ile.

Kizuizi cha kwanza ni kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, na kijana mwenye daftari: ushuru wa kijiji. Mbele kidogo kuna banda la mabati: kiingilio. Hapo tukaambiwa hakuna kushuka bila mwongozaji, na hela yake ni mbali. Karibu na korongo mwenye shamba la mwisho naye akataka chake cha kupitisha watu. Sikatai kulipa. Wanakijiji wanatupitisha mbele ya milango yao, watoto wao wanavumilia makelele yetu, wana haki ya kupata kitu. Ila risiti niliyopewa ninayo hadi leo: nusu ukurasa wa daftari la mistari, muhuri wa zambarau uliofifia usisomeke, kiasi kimeandikwa kwa penseli, hakuna namba wala tarehe. Katika nchi ambayo hata faini ya barabarani inalipwa kwa simu kwa namba ya malipo ya serikali, hela ya maporomoko inaingia mfuko gani?

Njiani haikuingia, hilo niliona kwa macho. Ngazi za kushuka korongoni zimechongwa kwenye udongo mtupu, na mvua imeshazila kingo. Mti wa kushikilia umeoza. Nilipouegemea kipande kilibaki mkononi. Kule chini mawe yana ukoga wa kijani kwa sababu ya manyunyu yasiyokatika. Mwongozaji wetu, kijana mcheshi sana, alimwambia mume wangu, "Shemeji, twende tu, huku hakunaga shida." Alipotufikisha majini akaaga, akapanda tena kupokea wageni wengine.

Sasa naomba wasomaji wanisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapofia. Mvua ya Kilimanjaro hainyeshi sawa kila mahali. Kwenye ukanda wa msitu wa kusini, juu ya vijiji, inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wakati wa vuli na masika inaweza kumwagika huko saa nzima wakati wewe kule bwawani unaota jua. Korongo ni jembamba na lina mteremko mkali, maji hayana pa kutawanyika. Mto unaweza kupanda bila tone moja la mvua kukuangukia. Wenyeji wanazijua dalili: maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kushuka, mlio unakuwa mzito. Mgeni wa Dar es Salaam au Dodoma atazijulia wapi?

Siku hiyo palikuwa na kundi la wanachuo wakipiga picha juu ya jiwe kubwa katikati ya mto. Sisi tulikuwa ukingoni tunakula ndizi. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe juu ya korongo ndiye aliyepiga kelele: "Nyie watoto, tokeni! Hamwoni maji yamekuwa chai ya maziwa?" Walitoka mbio. Muda si mrefu lile jiwe lilikuwa halionekani. Yule mama hakuwa mlinzi, halipwi na yeyote, alikuwa kwenye shughuli zake. Angekuwa amekata majani upande mwingine, leo ningekuwa naandika barua ya aina nyingine.

Mmoja wa wale vijana aliteleza kwenye ukoga akikimbia, goti likapasuka, damu nyingi. Hapakuwa na machela, hapakuwa na sanduku la huduma ya kwanza, hata bandeji. Mume wangu alimfunga kwa kanga yangu, wenzake wakambeba mgongoni kwa zamu hadi juu, kwenye zile ngazi. Pale bandani tukaambiwa suala la majeruhi ni la mwongozaji. Mwongozaji akasema yeye hajaajiriwa na mtu, anajitegemea. Ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa. Wiki iliyofuata mume wangu alirudi kuuliza, akajibiwa kwamba makusanyo yapo kwa mzabuni. Simu ya mzabuni inaita tu.

Linganisha na mlima wenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kuupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, jina lako linaandikwa getini, na upo utaratibu wa uokoaji. Mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa ikauchukua na msitu. Lakini maporomoko mengi tunayotembelea kwa siku moja yako chini ya mpaka wa hifadhi, vijijini, na huko ulinzi unakoma wakati viingilio vinaendelea. Tunahimizwa utalii wa ndani kila msimu wa sikukuu. Tumeitikia. Tunaomba na sisi tuhesabiwe kuwa watu wa kulindwa.

Wapo watakaosema mto ni mto, anayeogopa maji akae nyumbani. Angeweza kusema hivyo mtu asiyetoza. Ukishaweka kamba njiani ukapokea hela yangu, umeniambia njia hii ni yako.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Kijana mmoja akae juu ya mto na filimbi na simu siku za mvua, na kwenye banda pawe na ubao unaosema kama leo kuingia majini kunaruhusiwa. Kamba imara na mbao mpya kwenye ngazi. Machela, na waongozaji waliofundishwa huduma ya kwanza, wenye vitambulisho, wasioruhusiwa kumwacha mgeni korongoni. Malipo yawe sehemu moja kwa risiti halali. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, mapato na matumizi ya maporomoko yasomwe pale, wananchi wenyewe waulize kwa nini ngazi zimebomoka wakati wageni wanalipa. Nina hakika yule mama wa majani atakuwa na la kusema.

Halmashauri zote zenye maporomoko kwenye mteremko huu naomba zijibu kupitia ukurasa huu huu, kabla masika hayajaanza: katika kila njia inayotozwa kiingilio, ni nani kwa jina la cheo anayewajibika mgeni akiumia, na anapatikana kwa namba gani siku ya Jumamosi?

Mkazi wa Majengo,
Moshi