Deni la Chuo Nalo ni Deni

Kila tunapomweka maiti mbele yetu na kupanga safu, kuna neno husemwa kabla ya imamu kupiga takbira ya kwanza. Mmoja wa jamaa hujitokeza akasema ya kwamba ikiwa yuko mtu aliyekuwa akimdai marehemu, basi na awaendee wao, watamlipa. Na ikiwa marehemu alimkosea mtu, basi na amsamehe kwa ajili ya Mungu. Neno hili tumelisikia tangu utotoni hata limekuwa kama sehemu ya sala yenyewe. Mimi nililisikia mara nyingi bila ya kunishtua, mpaka siku moja ya mwaka 2014 nilipolisema mwenyewe, mbele ya jeneza la marehemu baba yangu.

Baba alikuwa seremala huko Kisauni. Chini ya mto wake tulikuta daftari, na ndani yake mna madeni manne, kuanzia la duka la mbao hadi la muuza samaki, ambalo lilikuwa shilingi 350 tu. Tuliyalipa yote kabla ya kugawa urathi, kama sheria yetu ilivyoamrisha. Tulipomaliza, mjomba wangu alinitazama akaniuliza mbele ya ndugu zangu: "Mwanangu, baba yako tumemsafisha. Je, na wewe ukifa leo, daftari lako liko wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu kwa mkopo wa Sh. 120,000, nikamaliza mwaka 2001, nikaajiriwa ualimu mwaka uliofuata, na hata siku ile nilikuwa sijalipa senti moja. Barua zilipokuja nilizitia mtoni mwa kabati. Na lau ningalikufa mimi, ndugu zangu wangalisimama msikitini watangaze lile tangazo, lakini mwenye kunidai asingalikuwapo kulisikia. Ofisi haina miguu ya kuja mazikoni.

Ndugu wasomaji, nimeona niyaandike haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wako wengi hapa pwani, watu wa swala tano, watu wasioweza kulala na deni la mwenye duka, lakini deni la chuo wanalihesabu kuwa si deni. Na kila mmoja wetu ana udhuru wake. Nataka nizitazame nyudhuru tatu ambazo nimezisikia sana, nami mwenyewe nilizitumia zote.

Udhuru wa kwanza ni riba. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu tangu mwaka 1974, na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi huijua kwa jina la HELB. Bodi hiyo hutoza asilimia 4 kwa mwaka. Sote twajua riba ni haramu, na hapa sitaki mtu anifahamu vibaya: mimi si shekhe, wala sikusudii kuhalalisha kilichoharimishwa. Wako maulamaa wanaosema ya kwamba mkopo huo usichukuliwe kabisa, na wako wanaotazama dharura ya mwanafunzi asiye na njia nyingine. Mwenye kutaka kuchukua na aende akamuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia sahihi.

Lakini mimi nilikwisha kutia sahihi. Nikala zile pesa, nikalipa ada, nikanunua vitabu, nikatoka na shahada. Neno la riba halikunijia ulimini wakati wa kupokea. Lilinijia wakati wa kulipa. Nilipomwendea maalim wangu wa madrasa nikamweleza ya kwamba silipi kwa kuikimbia riba, aliniuliza: "Hiyo riba ni shilingi ngapi kwa mwaka?" Nikapiga hesabu: Sh. 4,800. Akasema, "Na rasilimali?" Nikasema, laki moja na elfu ishirini. "Basi," akanambia, "hizo elfu nne una hoja nazo. Hiyo laki je, una hoja gani nayo?"

Sikuwa na jawabu. Tena kuna jambo jingine. Kwa mujibu wa sheria, mkopaji hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo ndipo aanze kulipa, na asiyelipa hutozwa faini ya Sh. 5,000 kila mwezi. Hizo ni Sh. 60,000 kwa mwaka. Kwa mtu wa deni kama langu, faini hiyo ni zaidi ya mara 12 ya riba yenyewe, na katika miaka miwili tu hutimia kiasi alichokopa. Ni kweli mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba Bodi haiwezi kumdai mtu zaidi ya maradufu ya rasilimali yake. Hata hivyo, maradufu ni mengi. Aliyeikimbia riba kwa kunyamaza amekimbia mvua akaingia baharini.

Udhuru wa pili ni serikali. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, serikali inatudai sisi? Sisi ndio tunaoidai!" Akanihesabia mashamba ya watu yaliyochukuliwa, skwota wanaoishi katika ardhi ya babu zao, na shule zisizo na waalimu. Yote aliyoyataja ni kweli, nami nayalalamikia kama yeye. Lakini haki ya ardhi hudaiwa kwa mlango wa ardhi. Huwezi kumnyima muuza samaki hela yake kwa sababu jirani yake alikuibia kuku. Zile pesa za Bodi huzunguka: zinazorudi ndizo anazokopeshwa mwanafunzi wa mwaka huu pamoja na zile zitokazo katika hazina. Basi nilipozuia mimi sikumzuilia waziri. Nilimzuilia msichana wa Faza, au kijana wa Garsen, ambaye baba yake hana ng'ombe wa kuuza wala mashua.

Udhuru wa tatu ni kutojiweza, na huu si wa kuchezewa. Wako vijana wetu wenye shahada wanaoendesha bodaboda na kuuza mitumba, na wengine hata hicho hawana. Kwao Mwenyezi Mungu amekwisha kutoa hukumu: katika Surat al-Baqara, aya ya 280, mwenye kudai ameamrishwa kumngojea aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Hiyo ni haki ya mdaiwa, na wenye mamlaka yapasa wakumbushwe kila siku ya kwamba kumtoza faini asiye na kazi si uungwana. Lakini asiyeweza si sawa na asiyetaka. Asiyeweza na aende aseme. Aandike barua, aeleze hali yake, abaki na nakala yake. Aya ya 282, inayofuatia karibu na hiyo, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo yote yazungumza habari za kuandikiana madeni. Yaonekana Mola wetu alijua ya kwamba binadamu akidaiwa husahau.

Sasa niwaeleze nilivyolipa. Nilikwenda kuuliza hesabu yangu, nikaipata, na siku hiyo chakula hakikupita kooni. Nikakubali kwa maandishi ya kwamba nadaiwa. Bodi imewahi mara kadhaa kutangaza msamaha wa faini kwa wenye kulipa deni lote kwa mkupuo, nami Mungu alinijaalia kuupata mmojawapo. Hata baada ya msamaha, rasilimali na ile riba yake ya miaka mingi zilikaribia laki mbili. Nilikuwa na akiba ya Sh. 60,000. Mjomba akanikopesha Sh. 50,000. Zilizobaki, mke wangu alifungua sanduku lake akatoa bangili zake za harusi, akanambia, "Mume wangu, uza. Lakini nami niandikie." Nikamwandikia. Iliniwia miaka mitatu kuwarudishia wote wawili, shilingi kwa shilingi, bila ya nyongeza.

Tazameni basi: ile riba niliyokuwa najigamba naikimbia niliilipa yote, na nyingi kuliko ambayo ningalilipa lau ningalianza mapema. Na msamaha nisiwashauri kuungojea, kwani huja usipoutazamia na hupita kabla hujajiandaa.

Nina ushauri kwa walio katika hali niliyokuwa nayo mimi. Kwanza, uliza hesabu yako leo, maana deni usilolijua ndilo linalokua. Pili, ukipata kazi jitangaze mwenyewe, usingoje kukatwa mshahara kwa nguvu wala kunyimwa cheti cha kuthibitisha ya kwamba hudaiwi, ambacho nafasi nyingi za kazi hukitaka. Tatu, ukiweza lipa haraka kuliko mpango wenyewe, ili riba ipate siku chache za kuzaa. Nne, liandike deni lako katika wasia, uwaonyeshe jamaa zako lilipo.

Na sisi wazee tuna letu. Twasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini harusi zetu hatukopi kwa siri: twachangishana, ukoo mzima ukatoa, watu wakala biriani siku tatu. Mtoto akipata nafasi ya chuo kikuu, ukoo humpa dua na begi. Kwa nini msikiti au ukoo usiwe na mfuko wa karadha hasana, kama ule wa mjomba na mke wangu, mtoto akasoma bila riba na akarudisha kwa ajili ya mwenziwe? Tena wenye madeni, al-gharimin, wamo katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Surat at-Tawba. Fungu lao twalisoma, lakini kulitoa twasahau.

Wala tusichoke kudai kwa viongozi wetu ya kwamba mkopo usio na riba upatikane kwa kila mwanafunzi anayeutaka. Si jambo lisilowezekana. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina benki zinazoendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za makadhi. Lakini atakayesimama kudai hayo mbele ya Bunge ni lazima awe mtu aliyelipa. Maneno ya mdaiwa aliyejificha hayana uzito, hata yakiwa ya haki.

Yasimuliwa katika hadithi mashuhuri ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alijizuia kumsalia maiti mmoja kwa sababu ya deni, mpaka sahaba mmoja alipojitolea kumlipia. Deni lenyewe lilikuwa dinari mbili. Hakuuliza mwenye kudai ni tajiri au maskini.

Daftari la baba ninalo mimi sasa. Kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu, nami nimeandika humo. Jina la Bodi liko juu, chini yake la mjomba, na chini yake la mke wangu, na yote matatu yamepigwa mstari. Siku yangu itakapofika, wanangu watasimama kutangaza kama desturi. Naomba asiinuke mtu, na asiwepo mbali asiyesikia.