Samaki Gani?

Katika miswada ya mashairi ninayoletewa na vijana, mvuvi hutoka alfajiri, akavua "samaki", akarudi pwani, na mkewe akampika "samaki" huyo kwa nazi. Vina vimetimia, mizani haikupungua. Nami nauliza: samaki gani? Visiwani petu hapikwi samaki. Hupikwa changu, tasi, pono, kibua, na kila mmoja ana mapishi yake.

Lawama si ya vijana peke yao. Mikahawa ya watalii imezoesha watu mnofu wa nguru usio mwiba, uliomiminiwa tui, ukaitwa "samaki wa kupaka". Kupaka si kumimina! Kolekole hupigwa chale mzima mzima, akatiwa chumvi, ndimu, thomu na pilipili, akachomwa makaani kwanza. Ndipo tui zito lililokwisha kupikwa na viungo likapakwa kidogo kidogo, hali angali motoni. Mfanyie pono hivyo uone: nyama yake laini itafumuka, ubaki na miba. Pono ni wa mchuzi.

Wala sipigi vita nazi. Papa mkavu wa chumvi, akisharowekwa na kuchambuliwa, bila tui hana maana. Lakini kibua ana mafuta yake mwenyewe, tui la nini? Changu mbichi apikwe chukuchuku: maji, chumvi, ndimu, pilipili, basi. Na tasi, ambaye kwangu hana mshindani (wapenzi wa nguru na wanune), hula majani ya baharini, na harufu ya majani hayo imo nyamani mwake. Mtie makaani na ndimu. Anayemfunika kwa tui amemnyima ladha aliyoumbiwa.

Sasa turudi kwenye kalamu. Aliyetuachia msemo "usingizi wa pono" alimjua pono: usiku hujibanza miambani akalala fofofo. Leo nasoma tafsiri, nakuta "samaki kasuku", neno lililobebwa zima zima kutoka Kiingereza, ilhali pono yupo na msemo wake yupo nao. Changudoa naye, mjini limebaki tusi la kutukania wanawake. Wangapi wanajua kuwa ni samaki, tena mtamu wa kukaanga?

Wapo watakaonijibu kwamba msomaji wa bara hamjui tasi. Basi na amjue. Sisi tumesoma theluji miaka yote katika vitabu vya Wazungu, wengi wetu bila ya kuiona, na hapana mfasiri aliyetuhurumia akaandika "baridi nyeupe". Tulijifunza. Kwa nini bahari yetu wenyewe ndiyo iandikwe kwa neno moja, kama kwamba sote tumezaliwa jangwani?

Kwa hiyo, atakayeniletea tena shairi la mvuvi, amtaje kwanza aliyemo demani. Kisha aniambie alipikwaje, na kama ni kwa nazi, lilikuwa tui la kwanza au la pili.