Spika zisiwabebe wapiga tarumbeta
Soka ina ugomvi wa VAR; Marekani wana wao kwenye Drum Corps International, mashindano ya bendi za gwaride. Tangu bingwa wa kwanza mwaka 1972, muziki ulitoka kwenye tarumbeta na ngoma bila umeme. Mwaka 2004 vikaruhusiwa vipaza sauti, 2009 vinanda vya umeme. Mashabiki wakongwe wanalia kwamba ladha imekwisha. Vijana wanasema lazima mambo yasonge. Vijana wana hoja. Lakini besi ya spika ikifunika tarumbeta, pointi anapewa nani, mpigaji au fundi mitambo? Mitambo ibaki, ila majaji wakate pointi inapomficha mpigaji. Hata VAR humsaidia refa tu, haifungi bao.