Mabano ya Virginia Woolf na Mpaka wa Fani na Maudhui

Baadhi ya wahakiki hudai kwamba riwaya ya usasa ya Kiingereza ni mchezo wa mbinu tu, usiojali maisha ya jamii. Dai hilo halisimami linapopimwa kwa To the Lighthouse ya Virginia Woolf, iliyotolewa mwaka 1927. Sehemu ya kwanza, ambayo ni zaidi ya nusu ya kitabu, husimulia alasiri na jioni moja tu; sehemu ya pili, iliyo fupi mno, hupitisha miaka 10, ikiwamo ile ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Humo, nyumba tupu inayochakaa ndiyo isimuliwayo kwa kirefu, ilhali vifo vya watu hutiwa ndani ya mabano ya mraba. Kifo cha Bibi Ramsay, mhimili wa familia, hakikupewa hata kishazi kikuu: kimewekwa katika kishazi tegemezi, huku kishazi kikuu kikieleza mikono ya mumewe iliyonyooshwa ikabaki mitupu. Mwanawe Andrew huuawa na kombora huko Ufaransa, naye pia katika mabano.

Je, hiyo ni fani au ni maudhui? Sarufi yenyewe ndiyo itamkayo kwamba vita na wakati havimjali mtu. Kwa hiyo, desturi ya kuwafunza wanafunzi kuorodhesha dhamira upande mmoja na mbinu upande wa pili haina budi kuachwa. Mwanafunzi atakayetaja dhamira ya riwaya hii bila kuyatazama mabano yake atajibu kwamba watu hufa. Na hilo halihitaji riwaya.