Bima ya Gari Isiyomtibu Majeruhi Ni Bima ya Nani?

Kila mwenye gari au pikipiki katika wilaya za Mbulu na Hanang analazimishwa na sheria kukata bima. Amri hiyo si ngeni. Ilianza zama za Mwingereza, na leo imo katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kwa miaka mingi mwenye gari dogo la binafsi alitoa Sh 118,000 kwa mwaka kwa ile iitwayo bima ndogo, akamwonyesha askari stika, akapita. Sisi tunauliza: siku gari hilo linapomgonga mtoto wa madrasa pale Endasak, katika lami ya Babati kwenda Singida, ni nani anayelipa hospitali usiku ule?

Si bima. Bima ndogo haikuandikwa ili imtibu mtu. Imeandikwa ili imkinge mwenye gari na deni la fidia. Kampuni hailipi kwa kuwa mtu ameumia, bali hulipa pale inapothibiti kwamba mteja wake ndiye mkosa. Basi itatakiwa PF3, ramani ya ajali, taarifa ya ukaguzi wa gari, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, ripoti ya daktari, kisha barua za kwenda na kurudi Arusha au Dar es Salaam. Paja lililovunjika halingoji barua. Ndugu wa majeruhi anayepelekwa Haydom huuza ng'ombe, na anayeuza ng'ombe kwa dharura huuza kwa bei ya mnunuzi. Fidia ikija, kama itakuja, zizi limekwisha kuwa tupu.

Na huyo mpita njia ana nafuu. Yuko mwingine aliyedandia lori la mahindi kwenda mnadani Katesh au msibani Basotu. Sheria haimlazimishi mwenye gari lisilo la abiria kuwakatia bima watu aliowabeba bure. Wangapi kati yetu tumepanda hivyo, tukidhani ile stika ilitutaja?

Si kwamba haiwezekani kuwa vinginevyo. Katika majimbo mengi ya Marekani mwenye gari huweza kuongeza katika bima yake kifungu cha matibabu, ambacho humlipia yeye na waliomo garini hadi kiwango kilichoandikwa, bila kuulizwa nani alikosea. Maine wamekifanya cha lazima. New Zealand walikwenda mbali zaidi tangu 1974, majeruhi wa ajali hutibiwa kwanza na habari ya kosa haimhusu. Na tusiseme hayo ni ya matajiri. Jirani zetu Rwanda wana mfuko maalumu unaomfidia aliyegongwa na gari lisilo na bima au lililokimbia lisijulikane.

Lakini tusiilaumu serikali peke yake, maana ndani ya misikiti yetu pia zinasemwa hoja mbili zinazomuumiza majeruhi.

Ya kwanza ni ile ya "bima ni haramu". Ni kweli, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliharimisha bima ya kibiashara. Lakini azimio hilohilo lilihalalisha bima ya ushirikiano, na mwaka 2022 TIRA ilitoa mwongozo wa takaful hapa nchini. Anayenukuu nusu ya kwanza na kuinyamazia ya pili, kisha akanunua stika ya kughushi kwa kisingizio cha dini, hakuikimbia riba. Ameikimbia dhamana. Sura An-Nisaa, aya ya 92, imeweka diya juu ya anayeua kwa makosa, na fiqhi ikaibebesha akila, yaani ukoo na washirika wake. Mkataba wa Madina nao ulizitaja koo zikichangiana diya. Enyi mnaokataa bima, akila yenu iko wapi?

Ya pili ni kadari. Hatubishani na kadari. Tunabishana na suluhu za harakaharaka, pale wazee wanapomzunguka majeruhi kitandani, bandeji haijafunguliwa, wakamtaka atie dole gumba kwenye karatasi ya kusameheana kwa elfu hamsini na mbuzi mmoja. Karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa kesho kumkatalia fidia. Kusamehe ni hiari ya aliyedhulumiwa, na hiari haipatikani kwa mtu mwenye maumivu na deni.

Kwa hiyo tunadai Bunge liongeze katika Sura ya 169 malipo ya matibabu ya awali kwa kila aliyeumia, awe mpita njia au abiria wa bure, kabla ya kosa kuamuliwa. Wala tusiambiwe kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imemaliza suala hili. Ikiwa mfuko wa afya utabeba majeruhi wa barabarani na kampuni ya bima ya gari ikabaki na ada yake, basi mchango wa mkulima wa Dongobesh unamlipia mwenye lori.

Wakati tukingoja, maimamu wa Mbulu, Haydom na Katesh wawatangazie waumini baada ya Ijumaa: andikeni namba ya gari lililogonga, na bima yake ihakikiwe katika mfumo wa TIRA. Fuateni PF3 mapema na tunzeni kila risiti ya dawa na nauli. Msitie saini suluhu kabla daktari hajamaliza kazi yake. Dai la madhara lina ukomo wa miaka 3 mahakamani, na kampuni ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.