Yaya Si "Kama Binti Yetu"

Mwanafunzi wangu, maneno ajira na ujira ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Aajiriye ni mwajiri, aajiriwaye ni mwajiriwa, na kinachowaunganisha ni ujira. Lugha imekwisha kutoa hukumu. Ila katika nyumba nyingi za Jinja na Mbale hukumu hiyo hukatiwa rufaa kwa maneno matatu matamu: "kama binti yetu".

Tazama safari yenyewe. Msichana hutoka Bududa au Sironko, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wakala humpokea Mbale, humpandisha gari la abiria, naye hupita barabara ya Tirinyi hadi Jinja. Mwenye nyumba hulipa ada ya wakala, kisha huamini kwamba pamoja na ada hiyo amekabidhi na wajibu wake. Hapo ndipo ninapopinga. Kazi ya wakala ni kutafuta mtu. Isipokuwa wakala mwenyewe amemwajiri yaya na ndiye amlipaye, mwajiri ni yule ampangiaye saa ya kuamka na kumpa mshahara mwisho wa mwezi. Mwajiri ni wewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haikumwacha yaya mlangoni. Anastahili masharti ya kazi yaliyoandikwa, siku ya mapumziko kila juma, na likizo yenye malipo. Wakala naye hawezi kufanya biashara hiyo bila kibali cha serikali. Basi omba kukiona kabla hujatoa hata shilingi moja.

Hesabu haihitaji mhasibu. Tangu mwaka 2022, sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, inamtaka kila mwajiri achangie, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Zamani iliwabana wenye wafanyakazi watano au zaidi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Yaya alipwaye shilingi 200,000 hukatwa 10,000, nawe huongeza 20,000: jumla 30,000 kila mwezi kwa jina lake. Kodi ya mapato halipi, kwa kuwa kiwango kilichowekwa mwaka 2012 hakigusi mshahara usiozidi 235,000 kwa mwezi. Ukimlipa 300,000, kodi ni asilimia 10 ya zile 65,000 zilizozidi, yaani 6,500. Wewe ndiye uikataye na kuifikisha kwa Mamlaka ya Mapato, URA, ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Najua majibu yatakayotolewa. "Mwenyewe anataka fedha zote mkononi." Huenda, lakini ile asilimia 10 ya mwajiri haikutoka katika mshahara wake, na sheria haikuifanya hiari. "Anakula na kulala bure kwetu." Anakula na kulala pale kwa sababu mtoto wako huamka saa nane za usiku. "Tunampenda kama binti yetu." Basi jibu swali moja: binti yako hurithi, yaya atarithi nini? Baada ya miaka kumi ya kulea watoto wa wengine, ataondoka na begi lile lile alilokuja nalo. Akiba ya NSSF ndiyo urithi pekee ambao nyumba yako inaweza kumwachia.

Serikali nayo haina mikono safi. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo hazinunui kilo moja ya nyama sokoni Mbale. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyowataja wafanyakazi wa nyumbani waziwazi, lakini Rais hakuyatia saini. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka ada za wakala zisikatwe katika ujira wa mfanyakazi wa nyumbani. Ni kanuni ya haki, nawe huhitaji kungoja serikali ndipo uifuate.

Wala uzembe wa wakubwa hauwi ruhusa kwa wadogo. Tunalalamika kwamba barabara za Jinja zina mashimo na kwamba viongozi hawawajibiki. Raia anayeficha mwajiriwa jikoni mwake anawadai wengine uwajibikaji kwa kinywa gani?

Zoezi la juma hili: andika kwa Kiswahili sanifu mkataba wa yaya, usiozidi ukurasa mmoja. Taja majina ya pande mbili, kazi, saa, siku ya mapumziko, likizo, mshahara, makato na mchango wa mwajiri. Neno "msaidizi" usilitumie, andika "mwajiriwa". Kisha, kama nyumbani mwenu yuko yaya, uwasomee wazazi wako, naye akiwepo.